Kurasa Zilizokuja na Chumvi

Ngulyati,
Jumamosi, saa nane mchana

Mwanangu Doto,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, maana asubuhi hii nimekuona ukimaliza sahani mbili za matobolwa, viazi vyetu vikavu, huku unasema safari imekukata hamu ya kula. Basi salamu tuziruke. Wewe na mama yako mmekwenda Somanda kumuaga shangazi yako, na ninavyomfahamu dada yangu, hatawaachia kabla hajawapikia. Nina saa tatu, pengine nne. Nimekaa kwenye meza ile ile niliyokuwa nikiandikia stakabadhi za pamba, na kalamu ni ya kwako, nimeichukua kwenye mkoba bila ruhusa. Nitairudisha.

Habari za kufunga mzigo, za kutokula ovyo njiani, za kushika mkoba kwa mikono miwili ukifika stendi ya Mwanza, mama yako ameanza kuzisema Jumatatu na bado hajamaliza. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni jibu la swali lako.

Jumanne tulikuwa tunakaza kitasa cha sanduku lako. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Baba, hivi Kulwa ulimpenda?" Nikasema ng'ombe hawajanyweshwa, nikatoka. Doto, ng'ombe walikuwa wamenyweshwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyewapeleka lamboni asubuhi ile. Nilikwenda nikasimama nyuma ya zizi mpaka miguu ikauma, na niliporudi ulikuwa umeshamaliza kitasa peke yako, na hukuuliza tena.

Kesho unapanda basi kwenda kusomea uuguzi. Ukiondoka na swali hilo bila kujibiwa, utajijibu mwenyewe, na najua jibu utakalojipa. Utasema baba hakumpenda, kwa sababu mtu aliyempenda angelia, angalau angetaja jina. Miaka minane sijawahi kulitamka jina la pacha wako. Kuliandika naona naweza, nimeshaliandika mara moja hapo juu na mkono haujakatika. Kwa hiyo ngoja niandike, kisha kesho nitakupa bahasha hii stendi, na nakuomba usiifungue mbele yangu.

Kulwa alikuwa na mdomo. Wewe ulikuwa mkimya wa kusoma, yeye alikuwa wa kupiga kelele tangu alfajiri. Msimu wa pamba alikuwa akija pale chama cha msingi nilikokuwa karani wa mizani, anangoja wakulima wapungue, halafu ananing'inia kwenye ndoano ya mizani kama furushi la pamba. Mimi namsomea uzito kwa sauti ya ofisini: "Mkulima Kulwa, kilo ishirini na sita, daraja la pili, ina uchafu!" Anacheka mpaka anadondoka. "Daraja la kwanza, baba! Mimi ni daraja la kwanza!" Nilikuwa nakataa kila mara kwa sababu nilipenda kumsikia akibisha. Sikuwahi kumpa daraja la kwanza, Doto. Hilo linanisumbua kuliko mambo mengi makubwa.

Wewe unakumbuka alivyougua, mlikuwa mnalala kitanda kimoja. Homa ilianza jioni, kesho yake akapata degedege. Mvua ilikuwa imejaza mto, hakuna gari wala baiskeli ingepita, nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yako nikavuka kwa miguu, maji yakinifika kifuani. Sikufika naye hospitali. Alikata roho mgongoni kwangu, tukiwa tumeshavuka. Watu wanasema maiti ni nzito, ni kweli, na mimi nimeshika mizani maisha yangu yote, uzito ukibadilika naujua. Niliujua pale pale. Niliendelea kutembea kama nusu saa nyingine kwa sababu sikujua nigeuke vipi.

Sasa sikiliza hili, ndilo hasa nililotaka ulijue.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mabasa, yaani mapacha, si watoto kama wengine. Pacha akifa haliliwi. Wazee wanasema akililiwa, mwenzake aliyebaki atasikia, atamfuata, na mvua itakataa kunyesha. Nilipoingia uani na Kulwa mgongoni, mama yako alifungua kinywa kupiga yowe. Bibi yako alimwahi, akamziba mdomo kwa kiganja. Na mimi, mtu wa darasa la nane, karani, mtu niliyekuwa nawasomea wazee magazeti na kuwacheka chini chini kwa imani zao, nilimwambia mke wangu maneno haya: "Nyamaza, utamuua na huyu." Huyu ulikuwa ni wewe. Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi, umemletea mwenzio.

Mama yako alinyamaza. Alinyamaza vizuri sana, kuliko nilivyomtuma.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu mimi kutolia. Sikuwa mgumu, nilikuwa mwoga. Nilikuwa nakuangalia ukilala, nahesabu pumzi zako, na kila chozi lililofika jichoni nililirudisha kwa sababu niliona nikilia Kulwa atakuita. Mchana nilijiambia ni upuuzi wa wazee. Usiku niliamini kila neno. Mwaka ukapita, miwili ikapita, na kutolia kukawa tabia.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba woga ule ulikulinda. Mama yako alikuwa hakuangalii. Ulikuwa na sura ya Kulwa, macho yale yale, pengo la jino lile lile. Alikupakulia ugali akiwa amegeuka upande. Alikusuka akiwa nyuma yako, akimaliza tu anainuka. Nawe ukaanza kuvaa khanga ya kichwani ukiivuta mpaka usoni, mtoto wa miaka kumi na moja umejifunika kama bibi kizee. Nilikuuliza jua limekufanya nini. Ukanijibu, "Ili mama asinione." Nikasema sawa. Mungu wangu, nilisema sawa, nikaenda kazini.

Sasa nije kwenye vitabu, ambavyo na vyenyewe nilivikosea.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa kijiji kilikuwa na maktaba ya elimu ya watu wazima, na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji. Ilikuwa kabati moja pale chama cha msingi, vitabu kama mia mbili: kilimo bora, uzazi na malezi, siasa, na hadithi. Miaka ya mwanzo watu waliazima kweli. Baadaye madarasa ya watu wazima yakafa, sabuni na sukari zikaadimika, na mtu akiwa hana sabuni hana habari na kitabu. Halafu zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa tena, wafanyabiashara wakatoka huku na huku, kila mtu akaambiwa auze anachoweza. Nami nikaambiwa chumba kinahitajika kwa ajili ya magunia, niondoe makaratasi yale.

Ilikuwa miezi michache baada ya msiba. Nyumba yetu ilikuwa kimya, vijiko tu ndivyo vilivyosikika. Nilikuwa na redio isiyo na betri. Nikavipima vile vitabu kwenye mizani ya pamba, kitabu kwa kitabu, nikavifunga kwa kamba, nikampelekea Mzee Hemedi wa dukani avifanye karatasi za kufungia bidhaa. Akanipa betri na miche miwili ya sabuni. Nilirudi nyumbani nikawasha redio kwa sauti kubwa ili nisisikie kwamba hatuongei. Hiyo ndiyo hesabu ya mtunza maktaba wa Ngulyati. Watu walinikabidhi vile vitabu kwa kuniamini.

Mengine unayajua kuliko mimi, lakini hujui nilivyoyaona kutoka upande wangu, na nataka uyajue maana ni mambo ya kukusifia na sijawahi kukusifia vya kutosha.

Ulitumwa chumvi. Mzee Hemedi alichana karatasi mbili kwenye kitabu kilichotundikwa kwenye msumari, akazikunja, akatia chumvi. Mtu mwingine angemwaga chumvi koponi na kuwashia moto zile karatasi. Wewe ulizikung'uta, ukazinyoosha kwenye goti, ukakaa karibu na mafiga ukaanza kusoma kwa sauti, kama mlivyofundishwa shuleni. Mama yako alikuwa anakoroga uji, amekupa mgongo. Mimi nilikuwa nje, nakaza nati za plau.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke mmoja muuza vyungu katika mji wa stesheni ya treni. Binti yake mdogo alikufa kwa surua, na mwanamke yule kila Jumamosi alilitoa gauni la marehemu, akalifua, akalianika kwenye kamba, likikauka akalikunja akalirudisha sandukuni. Majirani walimwona amerukwa na akili. Ukafika mwisho wa karatasi ukanyamaza.

Mwiko ukasimama. Nikasikia sauti ya mama yako, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi isipokuwa kwa "ndiyo" na "hapana".

"Analifua kila Jumamosi?"

"Ndiyo, mama. Imeandikwa hapa."

"Kumbe hata yeye."

Wewe hukuelewa. Mimi nilielewa baadaye, nilipotafuta shoka chini ya kitanda nikakuta shati la shule la Kulwa limekunjwa, lina harufu ya sabuni. Sabuni ile niliyopewa kwa vitabu. Mama yako alikuwa analifua, Doto, kwa siri, na alidhani katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyeharibikiwa namna ile.

Basi ukaanza kazi yako. Kila siku ulikuwa na sababu ya kwenda dukani. Chumvi ya kipindi kile tungeweza kuwalisha ng'ombe wa kijiji kizima. Mzee Hemedi aliniambia mwenyewe, anacheka mpaka kisibau kinatikisika: "Bwana Karani, huyu binti yako ananunua chumvi au ananunua habari? Ananiambia, babu, usinichanie ya juu, nichanie ile inayofuata." Kumbe mzee wa watu alikuwa anakuwekea. Kitabu kile alikitoa msumarini akakiweka chini ya kaunta, wateja wengine akawafungia kwa siasa na malezi.

Na kila jioni kabla jua halijazama ulisoma, na mimi nati za plau zile nilizikaza mpaka zikakatika. Sikuweza kuingia ndani na sikuweza kuondoka. Siku ya tano au ya sita ulisoma mahali ambapo yule muuza vyungu anamkuta mtoto wa jirani amevaa viatu kama vya binti yake, anakaa chini katikati ya soko, analia, na watu wanamzunguka. Nikamsikia mama yako analia. Si kilio cha kujizuia. Kilio chenyewe, cha miezi yote ile.

Bibi yako akatoka nyumbani kwake mbio na fimbo. "Nani analia humu? Hamjui kwamba haliliwi?"

Nawe, mtoto wa darasa la nne, ukamjibu bila kusita, "Bibi, hatumlilii wa kwetu. Tunamlilia huyu wa kwenye kitabu."

"Ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, bibi. Ni wa kwenye karatasi."

Bibi yako akasimama anafikiri. Nilimwona kutoka pale nilipokuwa, mdomo unatafuna. Mama yangu ni mtu wa sheria, na alikuwa anaitafuta sheria inayokataza kumlilia mtu wa kwenye karatasi, akaikosa. Akaegemeza fimbo ukutani, akakaa kwenye kigoda. "Haya, rudia hapo sokoni," akasema. Ukarudia. Na bibi yako, aliyemziba mama yako mdomo kwa kiganja chake, akalia naye. Sijui kama ulijua wakati ule, lakini na yeye aliwahi kuzaa mabasa kabla yangu, na mmoja alikufa akiwa hajaanza kutambaa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka hamsini. Alijifuta uso akasema, "Wangu alikuwa na kidole gumba kimepinda hivi," akakionyesha kwa kidole chake mwenyewe. Mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kusikia habari za kidole hicho.

Nimekaa na jambo hili miaka yote na bado linanistaajabisha. Wazee, mimi, ukoo mzima, tulikuwa tumefunga mlango, na mtoto akapata upenyo kwa karatasi ya chumvi. Hukubishana na mtu wala hukuvunja mwiko wa mtu. Ulimletea mama yako msiba wa mwanamke mwingine, akaweza kuulilia, na ndani yake akamlilia wa kwake. Mimi na darasa langu la nane nisingelifikiria hilo hata ningepewa mwaka mzima.

Sasa kuna mambo mawili ya kukiri, halafu nimemaliza.

La kwanza. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma, zamani, nikiwa mtunzaji, kabla hamjazaliwa. Nilijua kinavyokwisha. Mwishoni muuza vyungu yule anaamka alfajiri, anafunga khanga yake, anamwacha mtoto wake aliyebaki amelala, anatembea kufuata reli, na kitabu kinakwisha hapo. Harudi. Kadiri ulivyokuwa unakaribia mwisho, mimi nilizidi kuogopa. Akilini nilimwona mama yako anasikia hayo, na nikakuona wewe unayasoma kwa mdomo wako. Nikaenda kwa Mzee Hemedi nikamwomba kurasa zilizobaki. "Uliniletea mwenyewe, leo unazitaka?" akasema, lakini alinipa. Nikazichoma. Ulipokwenda dukani ukaambiwa kitabu kimekwisha, ulirudi na uso mrefu, na mimi nilikuwa nakaza plau.

La pili ndilo kubwa. Jioni ile mama yako alikuuliza, "Mwisho umepata?" Ukasema umepata. Nilishtuka, maana majivu nilikuwa nayajua yalipo. Ukakaa mahali pako, ukainua karatasi usawa wa macho, ukasoma. Ukasoma kwamba yule muuza vyungu alikaa siku nyingi bila kumtazama mtoto wake wa pili kwa sababu alifanana na marehemu. Kwamba siku moja yule mtoto akamwambia, mama, mimi si yeye, lakini na mimi namkumbuka, tumkumbuke wote. Na kwamba mama akamgeukia, akamshika mashavu.

Doto, mimi nilikuwa mlangoni. Upande wa nyuma wa karatasi yako ulinitazama mimi, na palikuwa na picha ya funza wa vitumba. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha kilimo bora cha pamba, kile nilichowahi kuwasomea wakulima mara ishirini. Ulikuwa unasoma habari ya kunyunyiza dawa, na kutoka mdomoni mwako yanatoka maneno yale. Hukukwama hata mara moja. Ulifika mwisho, ukaishusha karatasi, na khanga yako ilikuwa imerudi nyuma ya kichwa. Mama yako alikutazama. Alitazama usoni hasa, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umekonda. Toka lini umekonda hivi?"

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi. Pale pale niliposimama Jumanne.

Sikukuambia kwamba nilijua. Kwanza niliona ni siri yako. Halafu niliona aibu, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na moja alilazimika kujiombea mama yake kupitia karatasi ya funza, na baba yupo mlangoni ana spana mkononi.

Na kuhusu kuchoma kurasa zile nilijisifu kwa muda, niseme ukweli. Nilijiona nimewaokoa. Kisha, ulipokuwa darasa la sita, nikamwambia mama yako mwisho wa kweli wa kitabu. Tulikuwa tunachambua pamba, wewe uko shule. Alisikiliza akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Na mimi nilifika mpaka barabarani. Mara mbili. Alfajiri. Nikarudi." Nikaacha kuchambua. Akasema tena, "Ungeziacha zile kurasa. Ningejua kuna mwingine aliyefika barabarani." Unaona? Nilidhani maneno mabaya yatamtia wazo baya. Wazo alikuwa nalo tayari, alichokosa ni mwenzake. Mara ya kwanza nilimnyima kilio, mara ya pili nikamnyima mwenzake, na mara zote mbili nilikuwa na nia njema kabisa. Hilo ulichukue ukitaka, huko wodini. Mimi si mtu wa kukufundisha kazi yako, ulianza kuifanya kabla hujajua inaitwaje.

Kwa maana hukuishia kwa mama yako. Niliona ulivyompelekea yule mjane wa jirani zile kurasa ulizozishona kwa uzi wa magunia, ukamsomea akiwa anapepeta. Niliona ulivyomwachia fundi baiskeli, ambaye nyumba yake iliungua na watoto ndani, naye akakaa nazo mwezi mzima, akazirudisha zimejaa grisi, akakutengenezea baiskeli bure. Watu wanasema nina binti mwenye akili ya darasani. Ni kweli, lakini hiyo ni ndogo. Nina binti mwenye ujasiri wa kukaa karibu na mtu aliyevunjika bila kumwambia ajikaze. Mimi baba yako sina ujasiri huo na nimekwisha kuzeeka. Nakuheshimu, mwanangu. Neno hilo kina baba hawawaambii watoto kwetu, lakini ndilo lililopo.

Sasa jibu la swali lako. Nilimpenda. Nilimpenda yeye na nilikuogopea wewe, na nilidhani siwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Miaka minane nimemfungia Kulwa nje ili wewe ubaki ndani. Na kesho unaondoka kwa miguu yako, mzima, mrefu kuliko mama yako, na hakuna aliyekuita ila chuo. Hakuna tena ninachokilinda. Jana nilikaa nikawaza hivyo, na nikaona

Doto, niliishia hapo kwenye "nikaona". Kalamu iligoma, na mimi sikuigombeza. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, kichwa kikiwa juu ya meza. Majirani lazima walisikia. Sikujua kwamba mama yako ametangulia kurudi na wewe umebaki kwa rafiki zako. Alisukuma mlango akasimama, mkoba bado begani. Hajawahi kuniona hivi tangu nimuoe.

"Baba Doto! Kuna nini? Nani kafa?"

Nikamwambia, "Kulwa."

Alitua mkoba. Alikaa chini sakafuni karibu na kiti changu, akaniegemea gotini, tukalia wote wawili. Akawa anasema, daraja la kwanza, alikuwa daraja la kwanza yule, kumbe siku zote mama yako alikuwa anajua tulivyokuwa tunabishana pale kwenye mizani. Nikalitamka jina mara nyingi sana. Nilikuwa nimesahau ni jina jepesi.

Nakusikia uani unamsalimia bibi yako, nakunja barua haraka. Utaingia sasa hivi utukute macho mekundu, na utashtuka, na sidhani kama nitaweza kukueleza vizuri, kwa hiyo nakuandikia hapa utakaposoma kesho ukiwa kwenye basi. Haukuwa msiba mpya, mwanangu. Ni ule ule. Mimi nilikuwa sijaulilia.

Baba yako,
Masanja